Barua ya wazi kwa wakuu wa maktaba za umma Dar: tupeni Jumamosi asubuhi, tulete bibi zetu na babu zetu

Kwenu wakuu wa maktaba za umma hapa Dar es Salaam, na nyie wakurugenzi na maafisa utamaduni wa manispaa zetu, na yeyote pale wizarani ambaye vitabu vya watoto vinapita mezani kwake. Shikamooni wale mlionizidi umri, na wengine habari za kazi.

Niende moja kwa moja kwenye ombi maana najua makaratasi mnayo mengi. Naomba chumba cha watoto kwenye maktaba zetu kipewe Jumamosi asubuhi, kila wiki, mzee wa mtaani aje, bibi au babu, akae na watoto awasimulie hadithi za kwao, alafu ile hadithi iandikwe, watoto wenyewe waichore, ikunjwe iwe kitabu, ipigwe muhuri na kupewa namba kama kitabu kingine chochote, iwekwe kwenye rafu watu waazime. Ndo hilo. Mengine yote nitakayosema huku chini ni kuelezea kwa nini nalitaka kwa nguvu hivi na linawezekanaje.

Mimi ni mzazi, naishi Mbagala, mama yangu Mzaramo wa Kisarawe na baba Mndengereko wa Rufiji, na wikiendi huwa nakusanya wanangu na watoto wa majirani tunapanda daladala tunaenda maktaba. Kwa hiyo hiki chumba cha watoto nakijua kwa kukaa ndani yake, kwenye vile viti vidogo ambavyo mtu mzima magoti yanamfika kidevuni.

Maktaba moja tunayokwenda, jina nitaliacha kwa sababu nia yangu sio kumchongea mtu kazini, ina chumba kizuri tu. Kuna feni, kuna mkeka, ukutani kuna herufi. Lakini vitabu vya Kiswahili vilivyo vizuri viko ndani ya kabati la vioo lenye kufuli, na funguo anayo mtu ambaye Jumamosi mara nyingi hayupo, kwa hiyo watoto wanabaki na vile vya msaada vilivyo kwenye rafu za wazi. Nawashukuru waliovileta, kiukweli, kitabu ni kitabu. Ila nilimuangalia binti mmoja wa darasa la tatu, mtoto wa jirani yangu, kashika kitabu cha Kiingereza chenye picha ya mtoto kavaa glovu na kofia ya sufu anaburuta kitu kwenye theluji, kidole cha huyu binti kinatembea chini ya neno, kinasimama, kinarudi, kinasimama tena, mwisho akaacha maneno akabaki anafunua picha tu mpaka mwisho. Baadae nikampa karatasi niliyokuwa nimeandika kwa mkono ile hadithi ya wanyama kuchimba kisima wakati wa ukame, sungura akakataa kuchimba alafu usiku akawa anakuja kunywa kwa kuiba. Huyu huyu binti. Alisoma mstari wa kwanza taratibu, wa pili, akifika pale sungura anaposogea kisimani ye mwenyewe akaongeza sauti kwa sababu alishajua kinachokuja, bibi yake alishamsimulia. Alipokutana na neno gumu hakusimama, alilikisia kutokana na hadithi na akalipata.

Waalimu wa madarasa ya chini wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Mtoto anayejifunza kusoma anabeba mizigo miwili kwa pamoja, kutambua herufi na kuelewa habari, sasa ukimpa habari ambayo ameshaisikia umemtua mzigo mmoja. Na hadithi zetu za jadi zina kitu kingine kizuri sana ambacho nadhani hatukitumii, nacho ni wimbo wa katikati. Karibu kila hadithi ya bibi ina wimbo unaorudi rudi, mnyama akifika mlangoni anaimba, akifukuzwa anaimba, akirudi mara ya tatu anaimba ule ule, na watoto wanaitikia. Ukiandika hadithi hiyo kwenye karatasi ule wimbo unatokea mara tatu nne kwenye kurasa, na ndo mstari wa kwanza ambao mtoto anausoma peke yake bila kusaidiwa, maana ameshauimba. Nimeona mtoto ambaye darasani anaambiwa hajui kusoma anawahi kufunua ukurasa ili aufikie wimbo. Hakuna mtaalamu wa mbali aliyetutungia hii njia, ipo tu midomoni kwa wazee wetu, na wazee wenyewe ndo hao wanaondoka.

Hilo la kuondoka ndo linalonifanya nisiweze kukaa kimya. Sensa ya 2022 imetuhesabu Dar watu 5,383,728. Tumetoka kila kona ya nchi yenye makabila zaidi ya 120, tumekutana hapa, tumeoana, watoto wetu wanaongea Kiswahili tangu tumboni na mimi nakipenda Kiswahili hakuna atakayenizidi. Ila ukimuuliza mtoto wa Buguruni au Vingunguti, ambako ni ardhi ya Wazaramo kabisa, kwamba hapa walikuwa wanaishi watu gani kabla mji haujaitwa Dar es Salaam, wakati bado ni kijiji cha Mzizima, hajui. Anapita Kariakoo kila siku hajui kwamba palikuwa na kambi ya wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waafrika wenzake waliobebeshwa mizigo ya jeshi. Anapita kwenye ile sanamu ya Askari pale barabara ya Samora, iko pale tangu 1927, anadhani ni ya kupigia picha. Mwana hiti, ile sanamu ndogo ya mbao ambayo Wazaramo walikuwa wanampa mwali, ukitaka kuziona zipo kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani zimewekewa taa na kibandiko, na mtoto ambaye bibi wa bibi yake alishika moja hajawahi hata kuiona kwenye picha. Hili linaniuma na sioni kwa nini lisiwaume na nyie.

Bibi mmoja wa mtaani kwetu ana miaka mingi, anasuka ukili barazani kila mchana. Anaichana miyaa, yale majani ya kusukia, kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, upana ule ule kila mara bila kupima, nyingine ameipaka rangi ya zambarau na nyekundu, na vidole vikiwa vinasuka mdomo unasimulia. Watoto wanakuja bila kuitwa. Akianza "paukwa" wanaitikia "pakawa" mpaka upande wa pili wa barabara wanasikika. Anatega vitendawili, "kuku wangu katagia mibani", wanajibu nanasi, ingine hawaipati wanampa mji, anakula mji wake ndo anawapa jibu. Alafu anaingia kwenye hadithi, na ule wimbo wa katikati anauimba kwa Kizaramo. Watoto wa Kimakonde, wa Kihaya, wa Kichaga wote wanauitikia kwa Kizaramo hata kama maana hawaijui, wanauliza, anawaambia. Huyo bibi hajui kusoma vizuri na hajawahi kuingia maktaba. Mimi nikimuangalia naona maktaba ndo inatakiwa imfuate, imtumie nauli, imuwekee kiti chenye mgongo wa kuegemea.

Na maktaba zetu hazikuanzishwa ziwe stoo ya vitabu vya watu wengine. Bodi ya huduma za maktaba ilianzishwa kwa sheria ya 1963, uhuru bado mbichi kabisa, na Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba. Mtu angeweza kuchagua siku yoyote ile, wakachagua hiyo. Miaka ya 1970 nchi hii ikapeleka maktaba mpaka vijijini kwa ajili ya watu wazima waliokuwa wanatoka kwenye madarasa ya kisomo ili wasisahau kusoma. Kwa hiyo wazo la kwamba maktaba imfuate mwananchi alipo na impe kitu kinachomhusu ni la kwetu la zamani, mimi silileti kama jipya.

Hata huko duniani wameshaliandika. Ile ilani ya maktaba za umma ya IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la maktaba, na UNESCO, iliyofanyiwa marekebisho 2022, imetaja waziwazi kwamba moja ya kazi za maktaba ya umma ni kuhifadhi maarifa na urithi wa wenyeji na kuufanya ufikike, ikiwemo masimulizi ya mdomo, na jamii yenyewe ishiriki kuamua nini kihifadhiwe na kisambazwe vipi. Umoja wa Mataifa nao umetangaza 2022 mpaka 2032 kuwa muongo wa lugha za asili. Wamaori wa New Zealand walipoona lugha yao inawaponyoka walianza 1982 kuwaweka watoto wadogo pamoja na wazee siku nzima, wazee wanaongea tu na kuimba na kucheza nao, na wakaanza na majengo waliyokuwa nayo na watu waliokuwa nao. Sisi watoto tunao, wazee tunao, na chumba mnacho nyie.

Najua kuna neno litatajwa haraka sana kwenye kikao, nalo ni ukabila. Naliheshimu hilo neno kwa sababu amani ya hii nchi ilijengwa kwa kazi na sitaki mtu aichezee. Lakini tuwe wakweli, ukabila unakua pale watu wasipojuana. Mtoto wa Kinyamwezi akikaa mkeka mmoja na mtoto wa Kizaramo akamsikiliza bibi wa mwenzie, wiki inayofuata bibi yake ye ndo anasimulia na mwenzie anasikiliza, hapo ukabila unapata wapi nafasi? Tena hawa ni watani tangu enzi za misafara ya kuja pwani, tukiwaweka wazee wawili watani siku moja chumba kitalipuka kwa vicheko na watoto watajifunza utani ni nini, maana nao unapotea, vijana siku hizi wakitaniwa msibani wanakasirika. Sera ya Utamaduni ya 1997 yenyewe inazitambua lugha za makabila kama hazina ya taifa, kwa hiyo wala hatuombi kitu kilicho nje ya sera.

Lingine ni wazazi wenzangu watakaosema sisi tunataka Kiingereza. Sawa, na mimi nataka wanangu wakijue. Mtoto aliyeshaonja kusoma kwa raha kwenye lugha anayoielewa anahamia lugha ingine na ile raha yake, aliyechukia kusoma tangu darasa la kwanza utamlipia ingilishi midiamu mpaka uchoke. Sitasema zaidi kwenye hilo.

Sasa jinsi ya kufanya, maana wazo bila utaratibu mtalitupa na mtakuwa na haki. Mzee anasimulia, tunarekodi kwa simu, simu ya kawaida inatosha ilimradi feni izimwe ule mda maana feni inaharibu sauti kabisa. Kabla ya kurekodi anaombwa ruhusa, anaelezwa itatumika wapi, na ye ndo anaamua kipi ni cha watoto na kipi sio, kwa sababu mambo ya jando na unyago yana wenyewe na yana mahali pake, hatutaki mtu aje atoe vya ndani avibandike ukutani. Hili naomba liandikwe kwenye utaratibu kabisa lisiachwe kwa busara ya mtu. Jina la mzee, kama mwenyewe ameridhia, linakaa kwenye jalada kubwa kabisa, aliyesimulia ni fulani wa mahali fulani, lisifichwe ndani kwa maandishi madogo.

Alafu wiki hiyo hiyo mtu mmoja anaisikiliza na kuiandika. Ukurasa wa kushoto lugha ya mzee, wa kulia Kiswahili, wimbo unabaki kwenye lugha yake pande zote mbili. Kwenye tahajia za lugha za makabila tuombe msaada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wale wa mradi wa lugha za Tanzania wameshachapisha misamiati ya lugha kadhaa na 2009 wakatoa atlasi ya lugha zote za nchi, wataalamu wako hapo Mlimani, hawako mbali. Jumamosi inayofuata watoto wanasomewa walichosimuliwa, wanakosoa, na niwaambie watoto wanakosoa hasa, ukiruka kitu tu wanakwambia hapana bibi hakusema hivyo. Wanachora. Karatasi za A4 zinakunjwa katikati, stepla mbili mgongoni, kopi zinatolewa steshenari. Hiyo ndo gharama yenyewe, karatasi, kopi, nauli ya mzee, chai na vitumbua. Mkutubi anakipa namba, anakiingiza kwenye orodha, muhuri, kadi, rafuni, na nakala moja inakwenda Maktaba Kuu ambako vitabu vinavyochapishwa nchini vinatakiwa kuhifadhiwa. Naisisitiza ile namba na muhuri. Kile kitabu kikiwa na muhuri mtoto aliyekichora anamleta mama yake aone, na yule mama ambaye alikuwa anadhani maktaba ni ya wasomi atakuwa ameingia.

Na wakutubi msinielewe vibaya, simlaumu hata mmoja. Nimeona dada mmoja peke yake anaazimisha vitabu, anapokea vilivyorudi, anajibu simu, anamuonyesha mtoto choo kilipo, huyo huwezi kumuongezea kazi ya kuandika hadithi. Ndo maana naomba mtuletee wanafunzi wa chuo cha ukutubi cha Bagamoyo wakati wa mazoezi yao ya kazi, wajifunze kazi hii wakiwa bado wanafunzi. Na sisi wazazi tupeni nafasi rasmi ya kujitolea, barua na kitambulisho, sio kila tukija tunaanza kujieleza upya getini.

Kuna vitu vidogo vya kuongeza ambavyo havihitaji kikao. Bao liwekwe humo chumbani, bao letu hili la mashimo 32 na kete 64, babu yeyote wa Kariakoo atakuja bila kubembelezwa na mtoto atajifunza kuhesabu kichwani haraka kuliko kwa kalamu. Kijiji cha Makumbusho kiko hapo hapo barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za makabila tofauti zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, watoto wakishasikia hadithi ya Wagogo waende waingie ndani ya tembe waone moshi unapita wapi. Tuombe na mkalimani wa lugha ya alama angalau Jumamosi moja kwa mwezi, watoto viziwi nao wana bibi na babu.

Na kabati lifunguliwe jamani. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vipo, kuna watu wanahangaika kuviandika na kuvichapisha hapa hapa mjini, kuna mradi wa vitabu vya watoto ulioanza tangu 1991, kuna tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu inayotolewa Aprili 13. Mtoto akichana ukurasa kuna gundi na selotepu, tutakaa nao tuwafundishe kugundisha. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa mimi sioni hasara yake iko wapi, bora hicho kuliko kile kinachokaa nyuma ya kioo miaka na miaka kikiwa kipya.

Tuanze na maktaba moja, sio zote. Tuanze na wazee wachache ambao tayari wameshakubali, nimeongea nao, yule bibi wa ukili amesema atakuja ila asipandishwe ngazi ndefu maana magoti, kwa hiyo chumba kiwe cha chini. Ningependa tuanze kabla ya Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, ili siku hiyo watoto wasimame wasome mbele yenu vitabu walivyovitengeneza wenyewe, na likizo ya mwezi wa sita itusaidie kuongeza siku za katikati ya wiki.

Ninachosubiri kwenu ni vitu vitatu: ruhusa ya maandishi, jina la mtu mmoja wa kuongea nae pale maktaba, na funguo ya lile kabati iachwe kaunta siku za Jumamosi. Jibu mkilibandika kwenye ubao wa matangazo mlangoni nitaliona, huwa tunafika saa tatu kasoro wakati geti bado halijafunguliwa.

Mzazi, Mbagala